Bata Kumi na Nane Waliong'aa

Ukipita ufukweni Durban, upande wa meza za wachuuzi, utamkuta mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, hata siku ya jua kali, anasugua twiga kwa kitambaa. Huyo ndiye Barthélemy. Mezani kwake hakuna kitu kikavu. Twiga wanang'aa, vifaru wanang'aa, na kwenye vijiko vyake vya saladi unaweza kuangalia kama meno yako yamebaki na mchicha. Anapaka vanishi, anasubiri, anasugua, anapaka tena, kisha anapaka ya tatu. Ukimuuliza ya tatu ni ya nini, anakujibu bila kuinua macho: "Ya kwanza ni ya mti. Ya pili ni ya mteja. Ya tatu ni ya baba yangu."

Baba yake alikuwa seremala wa misioni kule Bukavu. Alichonga mabenchi, alichonga masanduku ya sadaka, na mpini wa jembe la mkewe aliupaka vanishi mpaka mama wa watu akalalamika kwamba unamtelezea mkononi. Kutoa kitu nyumbani kwake kikiwa kikavu, alisema mzee, ilikuwa sawa na kumpeleka mtoto kanisani bila mafuta usoni. Alipokufa, Barthélemy alikuwa kijana wa miaka ishirini, na mdogo wake Jules alikuwa na miaka tisa. Basi Barthélemy ndiye aliyemshikisha Jules patasi. Siku ya kwanza tu Jules akajikata kidole gumba, na kovu lake lipo mpaka leo.

Wote wawili walifika Durban kwa njia ile ndefu ya wakimbizi mnayoijua, wakapanga flati moja Greyville, pazia katikati: upande huu Barthélemy na mkewe Marcelline, upande ule Jules, mkewe Ghislaine na mtoto wao mdogo. Jules hakuwa mtu wa patasi. Alilinda magari ya watu pale ufukweni, na kizibao chake cha njano kifuani, na kipaji chake kilikuwa kutulia. Aliweza kukaa nusu saa akimwangalia shakwe mmoja juu ya nguzo ya taa, kisha akakwambia ataruka lini na ataelekea wapi. Barthélemy alikuwa akimcheka. "Petit, mdogo wangu, hiyo kazi ya kuangalia ndege, mshahara wake unatoka lini?"

Baadaye ofisi ya wakimbizi ikaita faili la Jules, akapelekwa Canada yeye, Ghislaine na mtoto. Faili la Barthélemy halikuitwa. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na Barthélemy hakumwonea wivu mdogo wake, au tuseme alimwonea kidogo tu, kwa siku chache, kama binadamu.

Na kwa sababu Jules alijua Kifaransa, alitupwa Quebec, na kutoka Quebec mjini akafuata kazi ya kusafisha samaki mpaka pwani ya kaskazini kabisa, wanayoiita Côte-Nord. Huko barabara inafika mahali inakwisha. Mbele iko bahari, miamba, ukungu, na nyumba chache za mbao. Hapo ndipo Jules alipomkuta mzee mmoja mwenye mashua, yeye alimwita patron, yaani bosi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuwinda bata wa baharini.

Jules alituma sauti kwenye simu, na Barthélemy akaifungulia pale mezani ili jirani yake asikie. Jirani ni Nahimana, mama wa Burundi anayeuza shanga, mdomo wake haulali.

"Yaya," ilisema sauti ya Jules. Watu wa kwao humwita hivyo kaka mkubwa. "Yaya, ungeona hii kazi. Tunatoka mapema na mashua, tunatupa bata wa mti kwenye maji, wamefungwa kwa kamba moja ndefu. Wageni wanalala juu ya mwamba, kimya. Bata wa kweli anapita mbali, anaona wenzake wametulia, anasema, ah, hapa iko salama, anakuja. Wanaruka chini-chini, mstari mmoja, wanagusa maji karibu. Na mimi ndiye nasema, bado, bado, bado... sasa!"

Nahimana alishika kiuno. "Ati mtu analipa nauli ya ndege alale juu ya jiwe, kwa baridi, angoje bata? Aje kwa mama yangu kule Ngozi, Burundi. Bata atamfuata mpaka chooni."

Wakacheka wote. Lakini Barthélemy alisikia kitu katika ile sauti. Tangu watoke Bukavu hakuwahi kumsikia Jules akisema neno *mimi ndiye* kwa namna ile.

Msimu wa pili, Jules akatuma sauti nyingine, hiyo ndefu. Patron alikuwa anazeeka, magoti yamekataa kupanda mwamba. Mwezi wa kumi angemwachia Jules aongoze wageni peke yake, siku tatu, kumjaribu. Akifaulu, mashua na kazi vitakuwa vyake. Na bata wa mti wa patron walikuwa wameoza. Mzee hakutaka wa plastiki, wageni wake walipenda vitu vya zamani. Ndipo Jules akasema: mimi niko na kaka mchongaji.

"Kumi na nane, yaya. Dume, mgongo mweupe, tumbo nyeusi, kofia nyeusi. Kule wanamwita moyak. Nimekutumia picha. Sasa écoute, mambo mawili. Ya kwanza, wasing'ae. Hata kidogo. Kule jua linakaa chini, kitu kikiangaza kinaonekana toka mbali, na bata wa kweli hana vanishi. Ya pili, shingo. Usiinue shingo. Bata akiogopa ndiyo anainua shingo. Akitulia anaikunja, kama mama anasinzia kanisani. Nakuomba, yaya. C'est tout, ni hayo tu."

Barthélemy alikwenda Mobeni kwenye ua wa kiwanda kimoja wanapotupa mbao za kubebea mizigo, akachagua msonobari mwepesi. Aliukata, akaunganisha vipande, akachonga. Bata wa kwanza alimchonga hasa kama alivyoagizwa: shingo imekunjwa, kidevu kifuani, rangi kavu kama chokaa ya ukuta. Akampeleka ufukweni akauke kwa upepo, akamweka pembeni mwa twiga.

Nahimana alimtazama huyo bata muda mrefu.

"Barthé. Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi. Ni agizo."

"Agizo la hospitali? Angalia shingo. Angalia ngozi. Eish, huyu mpelekee Panado ya maumivu." Akamwita mwenzake wa meza ya tatu. "Mama Cathy, njoo uone, Barthélemy amechonga marehemu!"

Walikuja watatu, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Ni mzaha wa kila siku pale, na kesho yake hakuna aliyeukumbuka, isipokuwa mmoja. Barthélemy alimfunika bata kwa kitambaa. Jioni, kwenye taxi ya kurudi Greyville, alimshika mapajani, na ndani ya kile kitambaa kidole chake kilikuwa kinapapasa ile rangi kavu, kinaikwaruza.

Nyumbani alitoa kopo la vanishi. Marcelline alikuwa ametoka kazini, saluni ya Pinetown, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Jules alisema wasing'ae," akasema.

"Nimesikia alichosema."

"Alisema mara mbili. Alisema nakuomba."

"Marcelline, Jules ni mdogo wangu. Patasi nilimpa mimi. Aliishika kinyume, akajikata. Leo ndiye ananifundisha kazi ya baba?" Alikwisha fungua kopo. "Wazungu watashika hawa bata. Watauliza, nani alichonga? Unataka Jules aone haya?"

"Mimi naona anayeona haya yuko hapa."

Barthélemy alimchukua yule wa kwanza, akakata kichwa chake kwa msumeno, akachonga kingine: kimeinuka, shingo ndefu, jicho limefunguka, bata mwenye cheo. Wale kumi na saba waliobaki walifuata mfano. Aliwapaka mara tatu. Siku alipowapanga wote dirishani ili wakauke, mwanga wa saa tisa uliingia na ukuta mzima wa flati ukachezacheza. Majirani walikuja kuona. Yeye alisimama katikati, mikono nyuma, kama baba yake siku ya kukabidhi madhabahu aliyoichonga.

Akapiga picha, akaituma.

Jules, ambaye kila mara hujibu kabla hujaweka simu chini, alikaa siku mbili. Siku ya tatu ikaja sauti, fupi.

"Yaya. Asante sana. Ni kazi nzuri. Baba angefurahi."

Barthélemy aliifungulia Marcelline. Aliifungulia Nahimana na Mama Cathy. Aliifungulia mteja mmoja kutoka Johannesburg ambaye hakujua Kiswahili hata neno moja. Bata wakafungwa kwenye makaratasi, wakatiwa masanduku mawili, wakaenda.

Mwezi wa kumi ukafika, ukapita. Barthélemy aliuliza, "Mambo ya bata?" Jules akajibu, "Iko bien, yaya, mambo ya hapa ni mengi tu." Krismasi wakasalimiana. Kufikia Pasaka Jules alisema wamehamia Montreal, amepata kazi ya ghala, Ghislaine yuko karibu na shule ya mtoto. Barthélemy akafikiri: vizuri, mji ni mji. Hakuuliza mashua imekwenda wapi. Nafikiri, na yeye mwenyewe sasa anafikiri hivyo, kwamba hakuuliza kwa sababu sehemu fulani ndani yake ilikuwa imekwisha kujua.

Miaka miwili ikakatika hivyo. Mpaka Jumapili moja ya majuzi, baada ya misa, Marcelline anasuka nywele za jirani sebuleni, simu imewekwa juu ya kochi kwa sauti kubwa, na Ghislaine anaongea kutoka Montreal. Wanawake walikuwa kwenye habari za harusi ya watu. Barthélemy alikuwa jikoni anakata kitunguu.

"Jules hawezi kuja harusini," ilisema sauti ya Ghislaine. "Ghala haliwapi ruhusa. Tangu ile mambo ya bata, yeye ni kazi na kitanda, kazi na kitanda."

"Mambo gani ya bata?" Marcelline akauliza.

Ghislaine akashangaa: "Hamkuambiwa?"

Kisu cha jikoni kikasimama.

Ghislaine hakutaka kusema, akasema. Masanduku yalipofika, patron alikwisha tupa wale waliooza. Jules alifungua, akakaa chini sakafuni. Alichukua msasa, akamshika bata mmoja, akaweka msasa mgongoni. Hakusugua. Ghislaine alimwambia, sugua, baba, nani ataona? Naye akasema: hii ni mikono ya yaya. Siwezi kukwangua mikono ya yaya.

Basi akawapeleka vile vile. Asubuhi ya kwanza bahari ilikuwa shwari, jua limelala juu ya maji, wageni watatu wamelala juu ya mwamba na makoti mazito. Bata wa kweli walikuja, mistari mirefu, mmoja nyuma ya mwingine. Walipokuwa bado mbali, mtu anaonekana kama kidole tu, waliona vitu kumi na nane vinawaka na shingo kumi na nane zimesimama kwa hofu. Wakapinda wote kwa pamoja, wakaenda zao. Mstari uliofuata, vile vile. Siku ya pili na ya tatu, vile vile. Wageni hawakupiga hata risasi moja. Jules alilala pale kati yao, akisema bado, bado, na ile *sasa* yake haikutoka.

"Patron alimuuliza, nani alichagua hawa?" Ghislaine akasema. "Jules akasema, mimi. Mimi ndiye niliagiza wang'ae. Masika yaliyofuata mashua ikapewa mwingine." Kisha, harakaharaka: "Marcelline, usimwambie yaya. Jules ataniua."

Marcelline aliangalia mlango wa jikoni. Barthélemy alikuwa amesimama pale, kisu mkononi, na macho yake mekundu ungeweza kuyasingizia kitunguu.

Wiki ile hakupaka kitu. Alikwenda ufukweni, akapanga meza, akakaa. Mara kwa mara aliweka simu sikioni akaisikiliza ile sauti fupi ya zamani, ambayo alikuwa hajaifuta: ni kazi nzuri, baba angefurahi. Aliisikiliza sasa kama mtu anayesoma barua upya na kuona nafasi kati ya mistari. Jules hakusema bata ni wazuri. Alisema kazi ni nzuri. Siku mbili zile za kimya, mtoto wa watu alikuwa anatafuta neno moja la kweli ambalo halitamvunjia heshima kaka yake, na alilipata, na lilimgharimu.

"Angeniambia," alimwambia Marcelline Jumatano, wakila. "Angesema neno moja tu: yaya, rudia. Ningerudia."

Marcelline alimtazama. "Ungerudia?"

Barthélemy alikata kipande cha ugali, akakirudisha sahanini.

"Alikuambia mara mbili," Marcelline akasema, pole pole, si kwa kumchoma. "Na akakuomba. Mdogo mtu anasema mara ngapi kwa mkubwa wake, Barthé? Kwenu kule, mara ngapi?"

Jumapili iliyofuata, saa tisa za mchana za Durban, asubuhi kule Montreal, Barthélemy alipiga simu yeye mwenyewe. Alikuwa amejipanga na maneno. Alikuwa na hotuba nzima. Jules alipotokea kwenye kioo cha simu, amevaa fulana, mashavu yamepungua, hotuba ilikimbia.

"Petit."

"Yaya! Ça va? Mmeamkaje? Marcelline?"

"Ghislaine amesema. Mambo ya bata."

Jules aliangalia pembeni, pengine alikokuwa Ghislaine, pengine dirishani. "Ah, yaya. Ile ni zamani. Hata hali ya hewa ile siku..."

"Hali ya hewa ilikuwa shwari. Amesema."

Nyuma ya Jules, juu ya kabati, Barthélemy aliona kitu cheupe kinachong'aa, na kingine kando yake, na kingine. Walikuwa wamepangwa wote, mstari mmoja, shingo juu, wamefutwa vumbi. Kama angewakuta wametupwa, ingekuwa nafuu.

"Bado uko nao," akasema.

"Mtoto anawapenda," Jules akasema. "Na mimi pia. Jioni taa ikiwaka, nyumba yote inacheza."

"Jules. Nisamehe."

Mdogo akainua mkono haraka, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. "Yaya, hapana, usiseme hivyo, wewe ni kama baba, mimi siwezi—"

"Nimesema nisamehe. Nilisikia ulichosema, mara ya kwanza na ya pili. Nilisikia vizuri. Watu walinicheka mezani, nikaona haya, nikakuuza wewe." Alivuta pumzi. "Sasa nifundishe."

"Nikufundishe nini, yaya? Mashua haipo. Kazi haipo."

"Najua. Nifundishe tu. Yule bata. Anakaaje?"

Jules aliegemeza simu mahali, mikono ikabaki huru. Kisha akaanza, kwanza kwa kusitasita. Alisema mgongo haukai juu ya maji, unazama kidogo, kama mtu kwenye kiti cha zamani. Mdomo na paji la uso ni mstari mmoja, hakuna kona. Nyuma ya shavu iko kijani, lakini ya maji, unaiona na huioni. Kadiri alivyoendelea, ndivyo mikono yake ilivyotokea kwenye kioo, ikichonga hewa, na kovu la kidole gumba likipita huku na huku. Sauti yake ikawa ile ya miaka ile. "Bado," alikuwa akisema, "bado, yaya, usiandike, sikiliza kwanza." Barthélemy aliweka kalamu chini. Alisikiliza dakika arobaini. Jules hakurudi kwenye neno la msamaha, hakulitoa wala hakulikataa, na Barthélemy hakumkumbusha.

Alichonga jioni zote za wiki ile. Kopo la vanishi alimpa Marcelline alifiche, naye akaliweka nyuma ya debe la unga. Bata alipokuwa tayari, kavu, mweupe bila mwanga, alimpeleka ufukweni akamweka katikati kabisa ya meza, mbele ya twiga.

Nahimana alikunja mikono. "Huyu mgonjwa amerudi."

"Haumwi," Barthélemy akasema. "Ametulia."

Nahimana alimwangalia usoni, akaenda kupanga shanga zake. Watalii walipita. Walishika twiga, walishika vijiko. Bata hakushikwa na mtu.

Alimpiga picha, upande, akaituma Montreal bila neno.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, na Barthélemy akalala vibaya, kwa maana kimya cha siku mbili alikwisha kukijua. Siku ya tatu, yuko mezani, simu ikatetemeka. Aliitoa nje ya kelele, akaenda kusimama nyuma ya mwavuli.

Sauti ya Jules ilikuwa inakohoa-kohoa kwanza, kama mtu anayepanda ngazi asiyoizoea.

"Yaya. Nimemwangalia. Nimemwangalia siku mbili. Shingo bado iko juu. Kidogo tu. Kunja tena."

Barthélemy aliisikiliza mara tatu. Kisha akarudi mezani, akamchukua bata mapajani, akatafuta kisu.